Reli ya Msumeno: Fupi au Ndefu?

Leo usiku ingia chumbani mwako, funga mlango, uzime taa ya ndani na kuacha ile ya sebuleni. Kisha utazame pale mbao za mlango zinapokutana. Je, waona mwanga ukipenya katika ufa mwembamba, ambao juu haupo, katikati umepanuka, na chini umekwisha tena? Wengi husema, “Ni jua lililokausha mbao.” Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi mlango wa namna hiyo uliharibika siku ile ile ulipotengenezwa, kwa sababu ukingo wa mbao haukunyooka.

Jambo hili si dogo. Baba ameuza magunia ya mahindi ili anunue mbao za mninga. Mbao ikikatwa kombo hairudi kuwa nzima. Na kama fundi mwenyewe ni kijana wako, aliyetoka chuoni majuzi na kuanza kazi kwa fedha za ukoo, mlango mmoja mbaya wamtosha kupoteza wateja wa kijiji kizima.

Ndiyo maana leo twataka kuzungumza nawe juu ya chombo ambacho mafundi wetu wa Songea wameanza kukiulizia madukani, nacho ni reli ya kuongozea msumeno wa umeme. Wanauliza: ninunue fupi au ndefu?

UMEME UMEFIKA, NA MISUMENO NAYO

Useremala si kitu kigeni kwetu. Misheni ya Peramiho ilianzishwa na Padre Cassian Spiss mwaka 1898, na karakana zake ziliwafundisha vijana wengi kushika msumeno, randa na patasi. Kazi yote ilikuwa ya mikono.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2015 mitambo ya maji ya Tulila, katika mto Ruvuma, ilianza kutoa umeme. Nayo ni mali ya Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Mwaka 2018 mji wa Songea uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme itokayo Makambako. Tangu hapo msumeno wa umeme si chombo cha karakana kubwa peke yake. Kijana wa kijijini aweza kuwa nao chini ya mwembe wa nyumbani kwao.

Lakini msumeno wa umeme una tabia ya ndama asiyefungwa kamba: una nguvu nyingi, wala haujui njia. Mkono peke yake hauwezi kuushika katika mstari mmoja kwa urefu wa mlango mzima. Kwa hiyo wahitaji kiongozi, na kiongozi huyo ni reli.

RELI NI KITU GANI?

Ni ubapa mrefu wa alumini, wenye upana wa karibu sentimeta 20. Juu yake pana tuta jembamba lililonyooka, na kitako cha msumeno kina mfereji unaokaa juu ya tuta hilo. Chini pana mikanda inayozuia reli isiteleze. Ukingoni umebandikwa utepe wa plastiki au mpira. Mara ya kwanza msumeno unapopita, huukata utepe huo, na tangu siku hiyo ukingo wa utepe unaonyesha mahali hasa meno yatakapopita. Basi kazi yako ni nyepesi: weka alama mbili za penseli, laza ukingo wa reli juu ya alama hizo, kisha ukate. Tena utepe ule huibana mbao isitoe vibanzi.

Kampuni ya Festo ya Ujerumani, ambayo vyombo vyake leo huitwa Festool, ilianza kuuza reli za namna hii katika miaka ya 1960. Leo kampuni nyingi zinazitengeneza, kama Makita ya Japani na nyinginezo. Angalia lakini: si kila reli huingiana na kila msumeno. Chukua msumeno wako dukani uujaribu kabla ya kutoa fedha.

FUNZO LA RANDA NDEFU

Wahenga walisema, “Mchagua jembe si mkulima.” Ni kweli kwa mvivu anayetafuta kisingizio. Lakini mkulima hodari hajui jembe la palizi na jembe la kuvunjia ardhi? Ajua sana! Na fundi vivyo hivyo.

Muulize fundi mzee kwa nini alikuwa na randa fupi na randa ndefu. Atakujibu kwamba randa fupi hufuata vilima na mabonde ya mbao. Ikikuta bonde, hushuka nalo. Randa ndefu haishuki. Hukaa juu ya vilima viwili, ikavikwangua mpaka ukingo wote uwe sawa.

Reli nayo ni hivyo hivyo. Fundi mwenye reli fupi na mbao ndefu hushawishika kukata kipande, kusogeza reli mbele, kukata kipande kingine, na kusogeza tena. Kila anaposogeza, anakosea kidogo. Kosa la kwanza halionekani, la pili linaliongeza la kwanza, na mwisho ukingo una viwiko kama njia ya mbuzi. Kumbuka pia kwamba mbao mbili zikigusana, makosa yao hujumlishwa. Kila moja ikiwa na bonde la milimeta 1, ufa utakuwa milimeta 2, na huo ndio ule mwanga uliouona chumbani.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: reli iwe ndefu kuliko mkato wako, wala isisogezwe katikati ya mkato.

HESABU KABLA YA KUNUNUA

Ndefu kiasi gani? Kitako cha msumeno lazima kikae imara juu ya reli kabla meno hayajagusa mbao, na kibaki imara hadi meno yatoke. Kwa hiyo ongeza walau sentimeta 15 hadi 20 juu ya urefu wa mkato. Ukipata zaidi ni heri. Ziada kubwa iwe upande wa kuanzia.

Sasa tazama kazi zetu za kila siku. Karatasi ya plaiwudi ina futi 4 kwa 8, yaani milimeta 1220 kwa 2440. Ukitaka kuikata kwa upana, reli ya milimeta 1400 yatosha. Ukitaka kuichana kwa urefu, reli ya 1400 haifai, wala ya 1900 haifai. Wahitaji ya 3000, au mbili za 1400 zilizoungwa, ambazo pamoja ni 2800.

Mlango wa kawaida una urefu wa milimeta 2100 hivi. Reli ya 1900 haifiki mwisho wake. Reli hiyo ni nzuri kwa meza na makabati, lakini anayetengeneza milango ataijutia.

Ubao wa futi 12 una karibu milimeta 3660. Huu ndio mtihani mkubwa, maana mbao nyingi zetu hupasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo, na kingo zake hazikunyooka. Reli mbili za 1900 zikiungwa ni 3800, ziada ya sentimeta 14 tu, nayo haitoshi. Tatu za 1400 hufika 4200. Moja ya 3000 pamoja na moja ya 1400 hufika 4400. Lakini kwanza jiulize kama kazi yako inautaka ubao mzima. Kama wautaka kwa mlango, ukate kwanza uwe na urefu wa mlango na akiba kidogo, ndipo uunyooshe ukingo. Hivyo reli mbili za 1400 zatosha, nawe umeokoa fedha ya ya tatu.

NA SAFARI JE?

Reli ya 3000 ni kipande kimoja, haina kiungo, na kwa karakana yenye mlango na kufuli mjini ni chombo bora. Lakini fundi wetu wa kijijini huenda kwa mteja kwa bodaboda. Reli ya mita 3 juu ya pikipiki ni hatari kwa apandaye na kwa apitaye. Na ikifungwa juu ya basi, chini ya magunia, itashuka ikiwa imepinda. Reli iliyopinda ni mbaya kuliko kutokuwa na reli, maana hukudanganya huku ukiiamini.

Kwa hiyo, kwa fundi anayetembea na kazi, shauri letu ni reli mbili za 1400 pamoja na vyuma vyake vya kuungia. Moja peke yake hukata upana wa plaiwudi. Mbili pamoja hukata urefu wa plaiwudi na wa mlango. Mwenye karakana aanze na 3000 moja na 1400 moja. Kwa vipande vidogo usichukue reli ndefu; huning'inia huku na huku, ikajiinua yenyewe.

USIAMINI KIUNGO MPAKA UMEKIPIMA

Kuunga reli si kukaza skrubu tu. Chukua reli ya tatu, au rula ndefu uliyokwisha kuipima, uiegemeze kwenye ukingo wa zile mbili, ndipo ukaze. Usiusukume mwisho wa reli moja ugusane kwa nguvu na mwisho wa nyingine. Acha nafasi nyembamba kama unene wa ukucha, kwa maana ncha zikisukumana hupindisha kiungo.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo halihitaji chombo chochote ila penseli kali. Laza reli juu ya plaiwudi, upige mstari kando ya ukingo wake mzima. Sasa igeuze reli, kichwa mahali pa mkia, na ukingo ule ule uguse ncha mbili za mstari kutoka upande wa pili. Piga mstari tena. Mistari ikilaliana, reli imenyooka. Ikiachana katikati, imepinda, na nafasi unayoiona ni kosa maradufu.

ASIYE NA FEDHA YA ALUMINI

Usikate tamaa. Mwenye msumeno wa umeme wa kawaida aweza kujitengenezea reli ya plaiwudi. Chukua kipande chembamba, cha milimeta 6 au 9, chenye upana wa sentimeta 30, kiwe kitako. Juu yake gundisha na kukaza skrubu ufito wa plaiwudi wenye ukingo uliotoka kiwandani, kwa kuwa ukingo huo mara nyingi umenyooka. Hata hivyo uupime kwa uzi uliovutwa. Ufito usiwe mnene hata uguse mota ya msumeno. Kisha egemeza msumeno kwenye ufito, uukate ule upande wa kitako uliozidi. Ukingo uliobaki ndio mahali meno yatakapopita siku zote.

Jitengenezee mbili: fupi na ndefu. Andika juu yake ni ya msumeno gani, maana msumeno mwingine hupita mahali pengine. Zilinde na mvua.

UNAPOKATA

Mbao ilale juu ya fito nne au tano, ili vipande vyote viwili vibaki vimelala baada ya kukatika. Kipande kikining'inia, mkato hujifunga, meno hukwama, na msumeno hurudi kwa nguvu kumwelekea mshikaji. Fupisha kina, meno yatokeze chini ya mbao milimeta 2 au 3 tu. Kumbuka kwamba reli ya alumini hula milimeta 5 hivi za kina. Mninga wa inchi 2 usiukate mara moja. Pita kwanza nusu ya unene, kisha pita tena hadi mwisho. Reli isiposogea, msumeno hurudi katika mkato ule ule.

Funga reli kwa vibano ncha zote mbili, hasa penye utelezi. Waya wa umeme upitishe begani, usije ukanasa kwenye mwisho wa reli katikati ya kazi. Vaa miwani. Watoto wakae mbali, hata wakilia kutaka kutazama.

Kazi ikiisha, futa vumbi la mbao chini ya reli, kwani mikanda yenye vumbi huteleza. Usiiegemeze ukutani, hujipinda taratibu. Ining'inize kwenye msumari, au ilaze juu ya ubao ulionyooka.

Nawe mzazi, kijana akikuomba fedha ya reli, usimwulize kwanza bei. Mwulize, “Mkato wako mrefu kuliko yote ni upi, na utabeba reli kwa chombo gani?” Akijua kukujibu maswali hayo mawili, mpe fedha bila hofu. Akishindwa, mpe futikamba na penseli, aende apime milango ya nyumba yenu. Atarudi na jibu kabla ya chakula cha jioni.