SPEA NDOGO ZA PLASTIKI: LAZIMA ZOTE ZITOKE KARIAKOO?

Wadau wa Njombe na Makambako, leo tuongelee mashine ya kuprinti ya 3D. Usipite, inahusu mtaji wako.

Mvua ikichanganya, mkulima wa viazi anataka bomba lake la dawa leo leo. Kishikio kikivunjika na dukani hakuna, anasubiri mzigo wa Kariakoo, zaidi ya kilomita 600, huku ukungu unamaliza shamba. Na ukisema uweke kila aina ya kishikio, mtaji unalala kwenye rafu.

Hii mashine inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka kufuata mchoro wa kompyuta. Haihitaji kalibu. Kiwandani kalibu ni ghali, ndiyo maana wanatoa maelfu ili bei ishuke. Kwa 3D, kipande cha kwanza na cha mia gharama ni karibu ileile. Kwa hiyo unachotunza siyo mzigo, ni mchoro, na mchoro unasafiri kwa simu.

Siyo mambo ya Ulaya tu. Dar es Salaam, STICLab walishaunda printa za 3D kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki. Nairobi mwaka 2020, wakati wa korona, ziliprintiwa ngao za uso za wahudumu wa afya.

Wewe fanya hivi:

1. Gawa spea zako. Zinazotoka kila wiki, endelea kuchukua kwa jumla, huko 3D haishindani. Zinazotoka moja kwa miezi kadhaa, hizo ndiyo za kuprinti kwa oda.

2. Spea iliyovunjika usitupe, ndiyo sampuli. Pima kwa kalipa. Ukikosea milimita moja tu, haiingii.

3. Chukua advansi kwanza. Kipande cha oda mteja akikikimbia, hakina mnunuzi mwingine.

4. Usiprinti vitu vya breki, vinavyobeba presha kama nozeli, wala vinavyokaa karibu na moto. Plastiki ya PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 60.

5. Piga hesabu pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi. Ikizidi bei ya Kariakoo na mteja anaweza kusubiri, achana nayo.

Jioni ya leo hesabu spea zilizokaa dukani zaidi ya mwaka. Hiyo ndiyo pesa yako iliyolala.