Sura ya Pili: Uliza Urefu wa Wimbi Kabla ya Wati

Redio isiposikika mahali fulani, wengi hukimbilia jibu moja: transmita ni dhaifu, iongezwe nguvu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipenda jibu hili, maana wati zinahesabika na zinanunulika. Lakini tazama matangazo ya Zanzibar. Kutoka Dole, kisiwani Unguja, redio ya serikali imekuwa ikirusha matangazo ya masafa mafupi kwenye kilohezi 11,735, na wasikilizaji wa Ulaya wameyanasa mara nyingi, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Weka hapohapo Dole kituo cha FM chenye nguvu ileile, na watu wa Dodoma, umbali usiofika kilomita 500, hawatakipata. Nguvu ni ileile, mahali ni palepale. Kilichobadilika ni urefu wa wimbi.

Wimbi la redio huzaliwa pale elektroni zinapobadilishiwa mwendo. Mkondo usiobadilika huzungukwa na uga wa sumaku uliotulia, na uga huo hauendi popote. Mkondo unaokwenda na kurudi mamilioni ya mara kwa sekunde ni jambo jingine kabisa. Uga wa sumaku unaobadilika huzaa uga wa umeme, uga wa umeme unaobadilika huzaa uga wa sumaku, na nyuga hizo mbili hujinasua kutoka kwenye waya zikaanza safari, kila mmoja umekingama mwenzake kwa pembemraba, na zote mbili zimekingama mwelekeo zinakokwenda. Hazihitaji hewa wala kitu chochote cha kuzibeba. James Clerk Maxwell aliyapata haya kwa hesabu. Katika andiko lake la mwaka 1865 alikokotoa kasi ya wimbi kama hilo, akaikuta inalingana na kasi ya mwanga, akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la aina hiyo. Alifariki mwaka 1879, kabla Heinrich Hertz hajayatengeneza mawimbi hayo maabara na kuyapima, huko Karlsruhe, Ujerumani, kati ya 1886 na 1888. Mwanafunzi asiyesoma hatua hizo kwa makini, akazirukia fomula tu, anajinyima sehemu nzuri kuliko zote katika taaluma hii.

Kasi yenyewe ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndiyo maana mhandisi wa redio hahitaji kikokotoo kwa hesabu yake ya kila siku: gawanya 300 kwa megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Kilohezi 11,735 za Dole zinatoa mita 25 na nusu, ndipo watangazaji wakasema wako kwenye mita bendi 25. Masafa ya kati ya kilohezi 600 yana wimbi la mita 500. Dishi la televisheni la gigahezi 12 linapokea mawimbi ya sentimita 2.5. Yote ni mawimbi ya sumakuumeme, yote yana kasi moja, lakini kila moja lina tabia yake, kwa sababu kila moja linaipima dunia kwa kipimo chake.

Antena ndiyo ya kwanza kupimwa. Antena ya fimbo iitwayo dipoli hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa karibu nusu wimbi, pungufu kidogo. Kwa megahezi 100 hiyo ni fimbo ya mita moja na nusu, na mnara wa FM ni ngazi tu ya kuinulia fimbo hizo juu. Kwa kilohezi 600, hata robo ya wimbi ni mita 125, na hapo mnara wenyewe ndio antena: umesimama juu ya kihami cha kauri, na ardhini kuuzunguka zimefukiwa nyaya za shaba zilizotawanyika kila upande.

Antena pia ina ukinzani wake, ambao lazima ulingane na wa kebo. Dipoli ya nusu wimbi, ikiwa mbali na vitu vingine, ina takriban omu 73. Ukiifunga kwenye kebo ya omu 50, asilimia 3.5 tu ya nguvu itarudishwa nyuma. Ukifunga antena ya omu 300 kwenye kebo hiyohiyo, nusu ya nguvu itarudi, na transmita isiyo na kinga inaweza kuungua.

Likishatoka, wimbi hutawanyika. Umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu inayopita kwenye kila mita ya mraba hubaki robo, yaani desibeli 6 zimepotea, na kuzirudisha kunadai transmita yenye nguvu mara nne. Hiyo ni anga tupu. Duniani kuna kizuizi kikubwa zaidi, nacho ni kwamba dunia ni mviringo. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, kwa hiyo wimbi la FM hupinda kidogo kuifuata dunia, lakini kidogo tu. Upeo wake kwa kilomita ni karibu 4.1 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Mnara wa mita 100 unaona kilomita 41. Kuufikisha upeo huo kilomita 82 unahitaji mnara wa mita 400, na hakuna wati zitakazoziba pengo hilo kwa uhakika.

Basi Dole inafikaje Ulaya? Swali kama hilo lilizuka Desemba 1901, Guglielmo Marconi alipotangaza kwamba akiwa Newfoundland amesikia herufi S iliyorushwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 3,000. Mwaka 1902 Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba juu angani kuna tabaka linalopitisha umeme na kuyarudisha mawimbi chini. Edward Appleton alilithibitisha kwa majaribio yaliyoanza mwaka 1924, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Tabaka hilo, ionosfia, ni kazi ya jua. Miale yake huzing'oa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa, na elektroni hizo zilizo huru huitikia wimbi linapopita. Zikiwa nyingi vya kutosha kwa masafa hayo, hulipinda wimbi hadi likarudi ardhini. Wimbi la mita 25 hurudishwa na sehemu ya ionosfia iitwayo tabaka F, kilomita 200 hadi 400 juu, likatua mbali sana, likaakisiwa na ardhi au bahari, likapanda tena. Wimbi la mita 3 hutetemeka haraka mno kwa elektroni hizo, kwa hiyo kwa kawaida hupenya na kupotelea angani. Hapa ndipo FM na Dole zinapoachana.

Mpindo huo una gharama. Wimbi linalopanda kwa mwinuko mkali hupenya, linalopanda kwa ulalo hurudi. Kwa sababu hiyo, baina ya mwisho wa wimbi la ardhini na mahali wimbi la angani linapotua pana ukanda usiosikia chochote. Inawezekana kabisa mtu wa Ulaya akakisikia kituo cha masafa mafupi ambacho jirani yake wa kilomita 300 hakipati.

Chini ya F, kwenye kilomita 60 hadi 90, kuna tabaka D, ambalo hewa yake bado ni nzito. Elektroni zinazotikiswa na wimbi hugonga chembe za hewa kabla hazijairudisha nishati, na nishati hiyo hugeuka joto. Hasara hii ni kubwa kwa mawimbi marefu. Mchana, masafa ya kati humezwa na D na kubakiwa na njia ya ardhini peke yake, njia ambayo ni nzuri sana juu ya maji ya bahari kwa sababu chumvi huyafanya yapitishe umeme vizuri. Jua likizama, elektroni za D huungana tena na chembe zake kwa haraka, na stesheni za nchi za mbali zinaanza kuingia kwenye redio za masafa ya kati. Wapo wanaotilia shaka madai ya Marconi hadi leo kwa sababu hiyo: alisikiliza mchana.

Kwenye mawimbi mafupi kabisa, kizuizi kinashuka kutoka angani hadi kwenye mvua. Wimbi la bahari lililo refu hupita nguzo ya gati kana kwamba nguzo haipo, ilhali viwimbi vidogo hugonga na kutawanyika. Ndivyo FM ya mita 3 isivyojali tone la mvua la milimita chache, na ndivyo wimbi la sentimita 2.5 linavyonyonywa na kutawanywa na mamilioni ya matone hayo, hadi picha ikakatika wakati wa masika. Lakini ufupi huohuo ndio unaofanya dishi la sentimita 90 lifae. Upana wake ni mawimbi 36, kwa hiyo hukusanya nguvu kutoka upande mmoja zaidi ya mara 7,000 kuliko antena isiyochagua upande. Kupata makali hayohayo kwenye FM kungehitaji dishi la mita 108. Mhandisi anayepanga kiungo cha satelaiti kwa Afrika Mashariki hupokea faida hiyo, kisha anatenga sehemu yake, desibeli kadhaa, kwa ajili ya mvua kubwa.