Rangi katika Viigizi vya Kompyuta za Zamani: Asili ya Kasoro na Njia ya Kuzirekebisha

1. Utangulizi

Kiigizi ni programu inayoifanya kompyuta ya leo itende kazi kama kompyuta nyingine, hasa ile ambayo haitengenezwi tena. Kwa njia hiyo, programu zilizoandikwa miaka ya 1980 huweza kufunguliwa na kuchunguzwa bila mtafiti kuwa na mashine yenyewe. Lakini mara nyingi picha inapojitokeza kwenye skrini, rangi zake huwa si zile zilizokusudiwa. Penye wekundu huonekana waridi iliyokolea, au mchoro mzima hugeuka kuwa mistari myembamba myeusi na myeupe. Hapo mtumiaji hukimbilia kupandisha mwangaza na kubadili ukolezo wa rangi, na kwa kufanya hivyo huongeza kosa juu ya kosa.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kasoro hizo kwa kutumia mfano mmoja: kadi ya michoro ya CGA, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1981 pamoja na kompyuta yake ya kwanza ya binafsi, kama inavyoigizwa na DOSBox, kiigizi kilichoanza kutolewa mwaka 2002. Hoja yake ni kwamba rangi haikuandikwa yote ndani ya programu. Sehemu yake iliamuliwa na kadi, na sehemu nyingine na skrini. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi si «Rangi hii imeharibikaje?» bali «Programu hii iliandikwa kwa ajili ya kadi gani na skrini gani?»

2. Namba moja, rangi mbili

Kadi ya CGA ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na iliweza kutoa rangi 16. Rangi hizo zilipelekwa kwenye skrini kwa nyaya nne: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na ya nne ya kuongeza mwangaza. Kila waya ulikuwa ama umewashwa ama umezimwa. Ndiyo maana jumla ni 16. Maandishi yaliweza kutumia rangi zote hizo. Michoro haikuwa na uhuru huo. Katika mpangilio wa nukta 320 kwa 200, rangi nne tu ziliweza kuonekana kwa pamoja: moja ya kuchaguliwa, na tatu za kundi lililokwisha kupangwa. Kundi moja lilikuwa la kijani, nyekundu na kahawia. La pili lilikuwa la siani (buluu inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau) na nyeupe. Kwa hiyo, anayeona mchoro wa siani na majenta asiharakishe kukilaumu kiigizi. Huenda ndivyo ulivyoonekana tangu mwanzo.

Mfano wa rangi namba 6 unaonyesha vizuri nafasi ya skrini. Namba hiyo huwasha waya wa nyekundu na wa kijani bila kuongeza mwangaza. Kwa hesabu tupu, matokeo yake ni manjano iliyofifia. Hata hivyo, skrini ya IBM ya namba 5153, iliyotolewa mwaka 1983, ilitengenezwa ili iitambue namba hiyo na kuipunguza kijani yake, ikatoa rangi ya kahawia. Katika vipimo vya leo, vinavyohesabu kila rangi ya msingi kuanzia 0 hadi 255, kahawia hiyo ni nyekundu 170, kijani 85 na buluu 0. Manjano iliyofifia ni 170, 170 na 0. Skrini isiyokuwa na kifaa hicho ilionyesha manjano mahali pa kahawia, ilhali programu haikubadilika hata herufi moja.

Wasomi wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu wanaifahamu hali ya namna hii. Katika maandishi mengi ya kale, alama moja ya irabu ilisimama kwa i na kwa e, na herufi ya b iliweza kusomwa pia p. Mwandishi hakukosea; alimwachia msomaji aliyeijua lugha akamilishe. Vivyo hivyo mtunzi wa programu aliandika 6 na kuiachia skrini ikamilishe. Kiigizi kimeshika mahali pa msomaji huyo, nacho hakina budi kuelekezwa.

3. Rangi zisizokuwamo katika kadi

Kuna hali ya ajabu zaidi. Kadi ya CGA ilikuwa na tundu la pili la kuunganishia televisheni ya kawaida, kwa mfumo wa NTSC uliokubaliwa nchini Marekani mwaka 1953. Katika mfumo huo, waya mmoja hubeba mwangaza na rangi kwa pamoja. Rangi hubebwa na wimbi la takriban megahezi 3.58, na aina ya rangi hutambulikana kwa kiasi ambacho wimbi hilo linatangulia au kuchelewa likilinganishwa na wimbi la kielelezo.

Katika mpangilio wa nukta 640 kwa 200, kadi ilitoa nukta nyeusi na nyeupe tu, kwa mwendo wa megahezi 14.318, yaani mara nne ya wimbi la rangi. Televisheni haikuweza kuzitenganisha nukta hizo na wimbi la rangi. Ilizisoma nne nne kama rangi moja. Kwa kuwa nukta nne huweza kupangwa kwa namna 16, watunzi walipata michoro ya rangi 16 kutoka katika mpangilio uliotangazwa kuwa wa rangi mbili. Gharama yake ilikuwa upungufu wa umakini: upana wa nukta 640 ulibaki kama 160.

Mchezo wa King's Quest, uliobuniwa na Roberta Williams katika kampuni ya Sierra On-Line na kutolewa mwaka 1984, ni miongoni mwa kazi zilizoitumia mbinu hiyo kwenye kompyuta za CGA. Mbinu yenyewe ilifungamana na NTSC. Mfumo wa SECAM wa Ufaransa, uliotumika pia nchini Zaire, hubeba rangi kwa njia nyingine kabisa, na haungeweza kuzizaa rangi hizo. Kiigizi kinachoonyesha picha kana kwamba skrini ni ya nyaya nne nacho hakiwezi kuzizaa: kinaonyesha nukta nyeusi na nyeupe zilivyo. Mistari inayodhaniwa kuwa uharibifu ndiyo rangi zenyewe, ila hazijapata wa kuzisoma.

4. Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kuangalia maandishi kabla ya michoro. Yafaa kufungua programu inayoonyesha rangi zote 16 katika maandishi, na kuikagua namba 6 hasa. Ikiwa maandishi yana rangi sahihi na mchoro hauna, kompyuta ya leo na skrini yake hazina kosa. Chanzo ni mashine iliyochaguliwa. Ikiwa maandishi nayo yamepotoka, chanzo huenda kiko nje ya kiigizi, kwa mfano mpangilio wa usiku unaopunguza buluu kwenye skrini. Ili kuwa na hakika, picha ya skrini ihifadhiwe na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana sawasawa huko, kiigizi hakina hatia.

Hatua ya pili ni kuchagua mashine. Katika faili la mipangilio la DOSBox mna mstari unaoanza kwa «machine». Usipoguswa, huwa na thamani «svga_s3», yaani kadi ya miaka ya 1990. Kadi za baadaye ziliweza kuendesha programu nyingi za CGA, lakini si kwa uaminifu kamili. Mpangilio wa michoro namba 5 ni ushahidi: kwenye CGA yenye skrini ya nyaya nne ulitoa siani, nyekundu na nyeupe, ilhali kadi za EGA (1984) na VGA (1987) ziliweka majenta mahali pa nyekundu. Kuandika «machine=cga» na kukiwasha kiigizi upya kunatosha kuirudisha nyekundu hiyo. Kwa kuwa programu zinazohitaji EGA au VGA hazitafanya kazi vizuri kwa mpangilio huo, ni afadhali kila programu iwe na faili lake la mipangilio.

Hatua ya tatu ni kuchagua aina ya skrini. Panapoonekana mistari myembamba yenye mpango unaojirudia, wala si fujo, yafaa kuigiza televisheni. Katika DOSBox Staging, tawi lililoanzishwa mwaka 2019, sehemu ya mipangilio iitwayo «composite» huiwasha au kuizima hali hiyo. Kipengele chake cha «era» huchagua kati ya kadi ya CGA ya mwanzo na ile iliyofuata, kwa kuwa hizo mbili hazikutoa rangi zilezile kwenye televisheni.

Hatua ya nne ni kurekebisha mwelekeo wa rangi, unaoitwa «hue» katika mipangilio hiyo. Hapa panahitajika shahidi asiyeyumba. Nukta nne zilizozimwa hutoa nyeusi, na nne zilizowashwa hutoa nyeupe. Zile zinazopishana, moja imewashwa na moja imezimwa, hutoa kijivu. Rangi hizi hazizunguki pamoja na nyingine. Ikiwa zimetulia, na nyingine zote zimesogea kuelekea upande mmoja, dosari ni ya mwelekeo, na inarekebishika kwa kipimo kimoja. Ikiwa kijivu nayo imeingiwa na rangi, mchunguzi arudi kwenye hatua ya kwanza.

Ni baada ya hatua hizo nne tu ndipo mwangaza na ukolezo viguswe, tena kwa kiasi. Anayeanza navyo huificha dalili bila kuuondoa ugonjwa.

5. Kuandika matokeo

Mtafiti akisharekebisha rangi, hubaki na kazi ya kuziandika, na hapo suala la lugha hujitokeza. Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyopatana na ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Majina mengine mengi yametokana na vitu: kijani kutokana na majani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa. Mjini Lubumbashi mengi hutajwa kwa Kifaransa. Utajiri huo wa majina una faida katika fasihi, lakini katika maelezo ya skrini huleta utata: buluu ya mmoja ni samawati ya mwingine, na siani huitwa kijani na wengi.

Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kwamba kila picha inayotolewa kama ushahidi iambatane na mambo manne: namba ya rangi, kadi iliyoigizwa, aina ya skrini, na jina la kiigizi pamoja na toleo lake. Jina la Kiswahili lifuate namba, wala lisichukue mahali pake. Mwanafunzi atakayeandika kwamba wasanii wa mwaka 1984 walipenda kuchora kwa siani na majenta, pengine atakuwa amewahukumu kwa picha ambayo wao wenyewe hawakuikusudia. Mambo manne hayo yakiwepo, mwenzake ataweza kurudia jaribio, kulikosoa na kulisahihisha. Yasipokuwepo, hata aliyeipata rangi sahihi hatakuwa na njia ya kuithibitisha.