Vitabu Vilivyosomwa Hadi Vikaisha

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio na kufuatilia masomo katika vijitabu vilivyoandaliwa kwa ajili hiyo. Leo mtafiti akija dukani kuniulizia kijitabu kimojawapo, humwomba aache namba ya simu, na huenda akasubiri miaka. Akitaka kumbukumbu za Mzungu aliyewinda tembo Tanganyika enzi za ukoloni, zenye jalada gumu na picha za kupendeza, mara nyingi namfikishia siku ileile.

Wengi hushangaa, lakini kazi yetu sisi wauzaji wa vitabu vya zamani imesimama juu ya jambo hilo. Kitabu cha mwindaji kilinunuliwa na mwenye nafasi, kikasomwa mara moja, kikafungiwa kabatini. Kijitabu cha kijijini kilipita mikono mingi, kikasomewa nje penye vumbi, watoto wakachora humo, na mwishowe kurasa zake zikafungia karanga. Ndivyo vilivyopotea pia vitabu vya darasa la kwanza, kalenda, vitabu vya mapishi na magazeti kama Mambo Leo, lililoanza 1923 na ambalo Shaaban Robert alilipelekea mashairi yake. Tulivyovitumia sana ndivyo tusivyonavyo.

Kwa hiyo umri peke yake haumpi mtu utajiri. Familia nyingi huja na Biblia ya babu au seti ya ensaiklopidia wakitarajia fedha nyingi, na inaniuma kuwaambia kwamba vitabu hivyo vilichapwa kwa wingi mno na wanunuzi wake ni wachache. Kisha naomba kuona lile boksi jingine, lile waliloliacha nyumbani kwa kuwa ndani yake mna "makaratasi tu". Humo ndimo hupatikana programu za ngoma na dansi, katiba za vyama vya ushirika, magazeti ya chama, na hadithi zilizochapwa na mitambo midogo ya mjini ambazo hakuna maktaba iliyowahi kuziorodhesha.

Shida ni kufika kabla ya mizani. Mtu akifariki au akihamishwa kikazi, vitabu vyake huwa vya kwanza kuondolewa chumbani, na mnunuzi wa karatasi chakavu anayelipa kwa kilo hukaa karibu kuliko mimi. Sehemu kubwa ya siku yangu hupita kwenye simu na barabarani: kumpigia dalali wa nyumba, kuwasalimu wapanga vitabu wa pembeni mwa barabara katikati ya jiji, kupanda ghorofani kutazama kabati ambalo pengine halina kitu. Fedha ya kodi ya pango huletwa na vitabu vya kiada na riwaya za bei nafuu. Kitabu adimu hukaa rafuni mpaka mwenye kukitafuta atokee.

Kikishafika mezani, kitabu hakianziwi mwanzo. Nafungua nyuma ya ukurasa wa jina, penye maelezo ya uchapaji. Toleo la kwanza ni lile lililotoka awali. Chapa ni kila mara mitambo ilipowashwa tena kwa maandishi yaleyale. Watu hunionyesha nakala ya Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert, na kusema ni ya 1951, kwa sababu mwaka huo umeandikwa pale. Ni kweli kilitoka mwaka huo, lakini chini yake huwa kuna mstari mwingine unaotaja miaka ya chapa zilizofuata, na huo ndio wa kusoma. Mstari huo usipokuwepo, kuna ushahidi mwingine. Namba ya ISBN ilianza kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970, kwa hiyo nakala yenye namba hiyo haikuchapwa 1951. Tarakimu zikiwa kumi na tatu badala ya kumi, tumeshafika karne hii, kwani mfumo huo mrefu ulianza rasmi Januari 2007.

Jina la mchapishaji nalo hutoa ushahidi. East African Literature Bureau ilianzishwa 1948 na makao yake yakiwa Nairobi, ikafa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Huko Kenya nafasi yake ilichukuliwa na Kenya Literature Bureau. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilitolewa na shirika lile la kwanza mwaka 1960. Vivyo hivyo Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, kitabu ambacho baadaye kilizuiwa mashuleni kwa muda. Nakala ya kitabu chochote kati ya hivi ikiwa na jina la mrithi, basi si ya toleo la kwanza, hata kama imechakaa namna gani. Natazama pia anwani iliyoandikwa Tanganyika, bei ya shilingi na senti, na karatasi yenyewe.

Hata hivyo, uadimu bila mtafutaji hauzai bei. Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, mwaka 1987. Kwa miaka mingi wauzaji wengi hawakuwa na sababu ya kuitenga na riwaya nyingine, mpaka Oktoba 2021 alipopewa Tuzo ya Nobel na watu wakaanza kuzisaka nakala za mwanzo. Wino ulikuwa uleule na karatasi ileile. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa 1972 na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, na wateja wangu huitaka nakala yenye jina la Dar es Salaam, kwa kuwa Rodney alikuwa akifundisha hapa alipokiandika. Naona wana haki kabisa.

Muhuri wa maktaba hunisimamisha. Vitabu vingine viliondolewa kihalali na vikapigwa muhuri wa kuthibitisha hivyo. Visivyo na uthibitisho huo sivinunui mpaka nimeuliza maktaba yenyewe, kwa sababu kitabu kikishauzwa nje ya nchi ni vigumu mno kukirudisha.

Kuhusu utunzaji, adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Hewa ikizidi asilimia 65 ya unyevu kwa muda, ukungu huota, na miji yetu ya baharini hupita kiwango hicho mara kwa mara. Rafu isiegemee ukuta wa nje, vitabu visibanwe, na mifuko ya nailoni isitumike kuvihifadhia moja kwa moja, maana hufungia jasho ndani. Mende hupenda wanga ulio kwenye gundi ya majalada. Kitabu chenye wadudu nakifunga vizuri kwenye mfuko, nakiweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu nakiacha kipate joto la kawaida kikiwa bado mfukoni ili maji yasitue juu ya karatasi. Soloteipu, tafadhali, usiiguse kabisa. Gundi yake hugeuka rangi ya chai, huzama ndani ya karatasi, na kuitoa ni kazi ya fundi.

Wala usikung'ute kitabu ili kukisafisha. Barua, stakabadhi, picha na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu huongeza thamani, kwa kuwa huonyesha kilikopita na nani alikisoma. Nikikuta barua ya familia, huirudisha kwa familia kwanza, waamue wenyewe.

Mara chache huletwa kitu ambacho hakikupita mtamboni: utenzi ulioandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kwenye daftari lililoliwa pembeni. Huo siupangii bei. Humweleza mwenye nao kwamba Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya namna hiyo, ambao orodha yake iliyoandaliwa na J.W.T. Allen ilichapishwa 1970, na kwamba anaweza kuruhusu upigwe picha ukurasa kwa ukurasa huku mswada wenyewe akirudi nao nyumbani. Wengine hukubali siku hiyohiyo. Wengine hutaka kwanza kushauriana na wazee wao, nami huwapa namba za simu za kule maktaba wakaondoka nazo.