Fumbo la Mwimbaji na Madokezo Yake

Soma madokezo haya matano moja baada ya jingine, wala usiruke mbele. La kwanza: jina alilopewa alipozaliwa silo tunalomjua nalo. La pili: alizaliwa Unguja. La tatu: muziki wake ulipitia India. La nne: kabla ya kusifiwa kwa sauti, alikuwa akitembeza vyungu akiuza. La tano: mshairi mkubwa kutoka Tanga aliandika wasifu wake.

Jibu ni Siti binti Saad, na msomaji wa huku kwetu Lushoto yawezekana alilipata hata kabla ya dokezo la tano. Lakini jibu si shabaha yangu leo. Nataka tuangalie namna fumbo lenyewe lilivyokupeleka huko, maana mashindano ya maarifa ya jumla yameenea mashuleni, redioni na hata kwenye sherehe, na maswali mengi yanayoulizwa humo hayana ufundi. Mtu anauliza, "Nani aliimba wimbo fulani?" Anayejua anajua, asiyejua anakaa kimya, na hakuna aliyefikiri.

Kazi ya dokezo ni kuondoa. Waimbaji wengi huimba kwa majina waliyopewa na wazazi wao, kwa hiyo dokezo la kwanza linawatoa hao wote bila kelele. Wanaobaki ni wale waliobadilisha. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, akaitwa Mtumwa. Bi Kidude jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka. Freddie Mercury wa kundi la Queen, aliyezaliwa Unguja mjini tarehe 5 Septemba 1946, aliitwa Farrokh Bulsara. Dokezo la pili linawafagia waimbaji wa bara, wa Mombasa na wa dunia nzima, lakini hawa watatu linawaacha palepale, kila mmoja akiwa jibu linalowezekana. Hapo ndipo fumbo linapoanza kunoga.

Dokezo la tatu limepimwa kwa uangalifu zaidi. Bi Kidude alijifunza kwa kusikiliza nyimbo za Siti, na uzeeni akaja kushangiliwa hadi Ulaya, lakini si India iliyomjenga. Freddie alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa mtoto wa miaka minane, na huko ndiko alikoanzisha bendi yake ya kwanza, The Hectics. Siti naye alivuka bahari mwaka 1928 na wapigaji wake kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Kwa hiyo Bi Kidude anatoka, wawili wanabaki: Mparsi aliyeuteka uwanja wa Wembley kwenye tamasha la Live Aid mwaka 1985, na binti wa wakulima wa Fumba. Watu hawa wawili hawafanani kwa karibu lolote, ila kwa madokezo matatu mazima hakuna awezaye kuwatenganisha. Mtunga maswali akifika hapo ajue amefanya kazi nzuri.

Kiswahili kinamsaidia sana hapa. Tukisema "alizaliwa", "aliimba", "alisafiri", hatujasema kama ni mwanamume au mwanamke. Mtunga maswali anaweza kuificha habari hiyo mpaka atakapoihitaji. Wapo wanaoipoteza zawadi hii kwa kuanza na "mwanamama huyu". Neno moja tu, na nusu ya majibu yamekwisha kuondoka kabla mshiriki hajaanza kufikiri.

Nimesema nusu kwa makusudi. Hesabu ya jambo hili ni nyepesi na kila mtunga maswali anapaswa kuijua. Tuseme mshiriki ana waimbaji 64 kichwani. Dokezo linaloondoa nusu linamwachia 32, linalofuata 16, kisha 8, 4, 2, na la sita linamfikisha kwa mmoja. Ndiyo sababu mchezo wa kubahatisha kwa maswali 20 ya ndiyo au hapana una nguvu kubwa: ukigawa nusu mara 20, unaweza kumtenga mtu mmoja kati ya 1,048,576. Dokezo linaloondoa mmoja tu ni la kupoteza muda. Linaloondoa wote isipokuwa mmoja lisubiri mwisho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya chemshabongo havilisemi: uzito wa dokezo unategemea anayelisikia. Mama yake Siti alikuwa wa asili ya Kizigua. Ukilisema hilo Mwanza au Mbeya, halimwondoi mtu yeyote. Liseme Lushoto, Soni au Bumbuli, uone. Wazigua ni majirani wa chini ya milima yetu, na masimulizi ya Wasambaa yenyewe yanaanzia upande huo: Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekuja kutawala Vuga, alitoka Ngulu, kama alivyoandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mtoto wa Kisambaa akisikia "mama yake Mzigua" anaanza kumtafuta mtu wa nyumbani. Darasani mwetu dokezo hilo ni zito mno kuwekwa mwanzoni, ilhali Mwanza lingeweza kufungua fumbo.

Mfano mwingine uko hapahapa Lushoto mjini, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Kwa wanafunzi wa sheria ningeanza na kesi. Siti aliimba "Kijiti", wimbo uliosimulia mauaji ya mwanamke, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Ningesema hivi: mwimbaji huyu aliipinga hukumu kwa wimbo, na watu wakaijadili haki mitaani kwa sababu yake. Mwanasheria kijana angekwenda mbali kutafuta jibu, angepita kwa waimbaji wa siasa wa karne hii, kisha arudi Unguja ya kikoloni akiwa ameshangaa. Kwangu mimi hilo ndilo dokezo bora kuliko yote yanayomhusu Siti, na sijui kwa nini halitumiki mara nyingi.

Nimewahi kulisoma fumbo hili la Siti mbele ya kidato cha tatu, asubuhi moja ya Julai, baridi ya Lushoto imewafanya wanafunzi waingize mikono ndani ya mikono ya masweta. Dokezo la pili halijamalizika, sauti ikatoka nyuma: "Bi Kidude!" Sikusema amekosa. Nilimwambia ashikilie jibu lake aone kama litavuka mto unaofuata. Dokezo la tatu likamkwamisha, na kijana aliyewahi kuona filamu ya Bohemian Rhapsody akamtaja Freddie. Vyungu vikamwangusha naye. Msichana aliyeketi dirishani, ambaye hakuwa amefungua kinywa, akalisema jina kwa utulivu. Baadaye alieleza kwamba alilisoma kwenye orodha ya vitabu vya Shaaban Robert, yule mshairi wa dokezo la tano. Dokezo la tano halikuhitajika tena, lakini nililisoma, kwa kuwa wengine nao walistahili kufika.

Wazee walilijua hilo zamani. Anayetega kitendawili asipojibiwa husema, "Nipe mji." Anapewa, anafurahi nao, kisha analifumbua fumbo mbele ya wote. Hakuna anayeondoka barazani bila jibu. Katika mashindano ya siku hizi msomaji wa maswali hupiga kengele, hutoa alama sifuri, akaenda swali linalofuata. Hapo ndipo maarifa yanapopotea. Jibu lielezwe, hata kwa sentensi mbili.

Kuna tahadhari nazo. Ogopa neno "wa kwanza". Siti husifiwa kwa mambo mengi kuwa wa kwanza, na kila mara atatokea mtu na santuri ya zamani zaidi mkononi, ubishi uanze. Mwaka 1928 na mji wa Bombay vinatosha, havibishaniwi. Umri nao ni mtego: Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, mwenyewe hakujua tarehe aliyozaliwa, basi swali linalodai mwaka huo halimtendei haki mshiriki. Dokezo la mwisho nalo liwe kitu cha kushikika, kama jarida la Sauti ya Siti la chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, au, kwa fumbo la mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Congo, kituo cha daladala kule Sinza, Dar es Salaam, ambacho makondakta hukitaja kwa jina lake kila siku.

Na habari zote hizi tunazichezea leo kwa sababu kuna mtu aliuliza mapema. Shaaban Robert alikutana na Siti miezi michache kabla mwimbaji huyo hajafariki, akamhoji, akaandika. Siti alifariki mwaka 1950. Vyungu, Fumba, safari ya Bombay, mengi ya hayo tunayajua kwa urahisi kwa kuwa mshairi wa Tanga alikaa mbele ya mwimbaji akiwa bado hai na akili zake timamu.

Walimu wenzangu wa Mlalo, Mtae, Bumbuli na Lushoto: katika vijiji vyetu wapo wazee waliocheza dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kule Tanga, wapo waliopuliza matarumbeta kanisani, wapo bibi wanaozijua nyimbo za Bi Shakila neno kwa neno. Likizo ijayo wapeni wanafunzi kazi ya kumhoji mmoja wao, waandike jina, mahali, mwaka na wimbo, nanyi mhakikishe kila kilichoandikwa. Maswali ya mashindano ya muhula unaofuata yatoke humo.