Mngurumo Unaomeza Sauti za Wazee

Wapo wapenzi wa muziki ambao huzifungua mashine kuukuu za CD, zile zilizoundwa katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazing'oa kapasita na chipu za kukuza sauti zilizomo ndani, wakatia nyingine za bei ghali, kisha wakatangaza kwamba mashine imezaliwa upya. Watu wengi huwacheka. Mimi, ambaye riziki yangu hutokana na kufundisha isimu, siwacheki hata kidogo. Ila nataka kwanza tuulizane ni sauti ipi hasa inayotafutwa, na ni nani atakayeisikiliza.

Tuitazame nchi ya majani chai, Kericho na Bomet. Mnamo mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita huko akirekodi nyimbo za Wakipsigis, na uliopata kuvuma kuliko zote ni ule uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimekwisha kufika katika vilima hivyo. Kikalenjin hakitofautishi vipasuo ghuna na sighuna kama kifanyavyo Kiingereza. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya jina la mgeni ikageuka "ch", na jina zima likavikwa vazi la majina ya kienyeji yanayoanza kwa "Che-". Katika mwaka 2014 nakala za rekodi hizo zilirejeshwa kwa jamii ile. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini rekodi kurudi nyumbani ni jambo moja, na kusikika sawasawa ni jambo jingine.

Nasema hivyo kwa sababu lugha hii imeficha mengi katika sauti. Kikalenjin huandikwa kwa irabu tano, ilhali kinywa cha msemaji hutamka maradufu ya hizo, kwa kuwa mzizi wa ulimi ukisogezwa mbele irabu hubadilika na neno huweza kubadilika maana. Irabu hizo tena hurefushwa na kufupishwa. Juu ya yote hayo ipo toni, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kumjulisha msikilizaji lipi ni kiima na lipi ni yambwa. Katika maandishi ya kawaida toni haionekani, wala ule mwendo wa ulimi. Mwalimu wa gredi ya kwanza anayefundisha lugha ya mama chini ya mtaala wa umilisi hana kitabu kitakachomwonyesha mambo hayo. Ana masikio yake, na ana sauti za wazee.

Hapo ndipo mashine inapoingia. Umeme wetu wa nyumbani huzunguka mara 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye diodi hutoka ukiwa na mapigo 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa zilizo karibu na transfoma kazi yake ni kuyalainisha mapigo hayo, mfano wa tangi linalopokea maji ya mfereji unaokatika-katika na kuyatoa kwa mkondo mmoja. Ndani ya kapasita hizo mna umajimaji wa kemikali ambao hukauka kadiri miaka ipitavyo, na joto huuharakisha. Tangi likipungua, mapigo hupenya hadi kwenye spika na kuwa mngurumo. Sasa zingatia: sauti ya mwanamume mzima akizungumza hutetema takriban mara 100 hivi kwa sekunde, mara nyingi zaidi kidogo. Mngurumo umepiga hema palepale inapokaa toni ya mzee! Sikio la binadamu ni hodari, huweza kuikisia toni kutokana na mitetemo ya juu yake. Lakini mwanafunzi asiyeijua lugha hupotea, na programu ya kompyuta ya kupimia toni ikinasa sauti hiyo kwa maikrofoni huweza kuupima mngurumo ikidhani ni mzee.

Mashine ninayotumia darasani ilikuwa na ugonjwa huo. Fundi mmoja wa redio mjini Kericho alibadilisha kapasita za umeme, akachagua zinazostahimili joto la nyuzi 105, akaipangusa lenzi ya leza iliyokuwa imeingiwa na ukungu wa hali ya hewa ya kule, na kazi ikaisha. (Asiyekuwa fundi asijaribu: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na ikifungwa kinyume hupasuka.) Nilipomwuliza kuhusu chipu mpya za kukuza sauti alitabasamu tu. Nakubaliana na tabasamu lake. Hicho alichokifanya ni ukarabati. Wanachokiita wengine uboreshaji aghalabu ni urembo. CD hubeba vipimo 44,100 kwa kila sekunde, kila kimoja kikiwa na biti 16, na hayo ni zaidi ya kilichonaswa na maikrofoni ya mwaka 1950. Mchakato wa rekodi asilia hautaondolewa na chipu yoyote.

Wanafunzi wangu huniambia kwamba simu zimeshamaliza mjadala huu. Wana hoja, tena nzito kuliko wanavyodhani. Kompyuta yenye kisoma-CD huzichukua tarakimu zenyewe kutoka kwenye diski, bila kupitia kapasita hata moja ya upande wa sauti. Kwa kunakili, basi, mngurumo si kitu. Tatizo ni kwamba nakala haijifanyi yenyewe. Diski zilizochomwa kwa kompyuta zimetengenezwa kwa tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa jua na unyevu, vitu viwili visivyoadimika Kericho. Mwenye fedha chache kati ya kununua chipu na kununua kisoma-CD, na anunue kisoma-CD.

Tena aanze na zile diski zisizo na maandishi juu yake: mahojiano na wazee, ngano zilizosimuliwa jikoni, harusi. Zile zilizochapwa kiwandani na kuuzwa madukani zinaweza kungoja, kwani huenda nakala nyingine zipo kwa jirani.