Ufito wa springi kwenye bastola: ubadilishwe au uachwe?

Mfanyabiashara wa mazao wa Songea anayemiliki bastola kihalali hana haja nayo kila siku. Huibeba zaidi msimu wa mavuno, anapozunguka na fedha taslimu za mahindi Namtumbo au za kahawa Mbinga, kisha huirudisha kwenye kabati la kufuli. Siku akiwaza kuiboresha, matangazo ya vipuri yako tayari kwenye simu yake, na kimojawapo kinachosifiwa sana ni ufito wa springi: toa ule wa plastiki uliokuja na bastola, weka wa chuma cha pua au wa tangsteni. Wauzaji wanasema teke litapungua, shabaha itakaa vizuri na bastola itadumu. Je, fedha hiyo inarudi? Kwa wamiliki wengi hairudi, na sababu yake inaonekana mara tu bastola inapofunguliwa.

Kwenye bastola nyingi za leo, chini ya mtutu kuna springi ndefu. Risasi inapofyatuka, slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza, hurudi nyuma, hutupa nje ganda tupu na kuibana springi. Springi ikiachia, huisukuma slaidi mbele, nayo njiani huchota risasi nyingine kwenye magazini na kuiingiza chemba. Ufito umepita katikati ya springi, na kazi yake kubwa ni kuizuia isipinde inapobanwa. Ni kama ule mchuma wa ndani ya shokapu ya bodaboda: kinachobeba mzigo ni springi, mchuma unaishikia njia.

Wabunifu wenyewe hawajawahi kuafikiana kuhusu umuhimu wa kipande hiki. Makarov, iliyoingia kwenye jeshi la Kisovieti mwaka 1951, haina ufito kabisa. Springi yake imezungushwa kwenye mtutu, na mtutu ndio unaoiongoza. M1911 ya John Browning, iliyotumiwa na jeshi la Marekani hadi miaka ya 1980, ilibuniwa na ufito mfupi sana. Ule mrefu ulikuja baadaye kupitia mashindano ya shabaha, na hadi leo wapo wanaoung'oa na kurudisha mfupi. Gaston Glock wa Austria, ambaye bastola yake ilikubaliwa na jeshi la nchi yake mwaka 1982, alichagua plastiki, nayo ina faida zake: ni nyepesi na haishiki kutu. Kampuni yake ilipotoa toleo la nne mwaka 2010, mabadiliko makubwa chini ya mtutu yalikuwa kwenye springi: ilikuwa moja, zikawa mbili, moja ndani ya nyingine.

Tukirudi kwenye ahadi za wauzaji, ile ya kupunguza teke inapimika. Chukua ufito wa sentimita 9 wenye kipenyo cha milimita 6. Ukiwa wa plastiki utakuwa na gramu 3 hivi, wa chuma gramu 20, na wa tangsteni, madini mazito kuliko chuma zaidi ya mara mbili, gramu 45 hivi. Glock 17 iliyojazwa risasi ina gramu 900 hivi. Kwa hiyo ufito wa chuma unaiongezea bastola asilimia 2 ya uzito, na wa tangsteni chini ya asilimia 5. Sasa linganisha na risasi zenyewe. Moja ya milimita 9 ina gramu 12 hivi, na magazini hubeba 17. Anayepiga magazini nzima anaipunguzia bastola gramu 200, na wengi hawautambui mpito huo mkononi.

Haki itendeke: uzito wa ufito uko mbele, karibu na mdomo wa mtutu, mahali ambapo gramu chache huzuia zaidi mdomo usinyanyuke kuliko zikiwa kwenye mshikio. Mshindani anayepiga mamia ya risasi kila wiki na kupimwa kwa sehemu za sekunde anaweza kuitambua tofauti hiyo na kuitumia. Anayepiga risasi 50 kwa mwaka hataiona.

Ahadi ya shabaha ni dhaifu zaidi. Risasi hutoka kwenye mtutu ndani ya muda usiofika elfu moja ya sekunde, wakati slaidi imesogea milimita chache tu. Inakokwenda imeshaamuliwa na mtutu, macho na kidole, kabla ufito haujafanya kazi yoyote ya maana.

Inabaki ahadi ya kudumu. Ufito wa plastiki huweza kupasuka kichwani, na ukipasuka lazima ubadilishwe, lakini hata wa plastiki mpya kutoka kwa mtengenezaji unatosha. Kinachochoka mapema ni springi, nayo huchoshwa na idadi ya risasi zilizopigwa. Kwa bastola nyingi za milimita 9 zenye springi moja, ushauri wa kawaida ni kuibadilisha baada ya risasi 3,000 hadi 5,000. Huyu wetu wa risasi 50 kwa mwaka angehitaji miaka 60 kufika 3,000. Mambo hubadilika kwa bastola iliyonunuliwa kwa mtu bila historia yake kujulikana, au ya kampuni ya ulinzi inayopokezwa zamu kwa zamu na kupelekwa mazoezini na kila mlinzi mpya. Hapo springi mpya ni matumizi ya busara, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya ufito wa tangsteni.

Kuikagua hakuhitaji mtambo. Kwa bastola za mtindo wa Glock zenye springi moja, magazini hutolewa, chemba huangaliwa kwa macho na kuguswa kwa kidole hadi uhakika upatikane kwamba ni tupu. Mdomo huelekezwa juu upande usio na mtu, kifyatulio hubanwa na kushikiliwa, slaidi huvutwa nyuma, kisha huachiwa polepole kwa mkono. Ikirudi hadi mwisho na kufunga, springi ina nguvu. Ikisimama kabla ya kufunga, imechoka.

Ufito una madhara yake pia pale unapouzwa pamoja na springi ya nguvu tofauti. Springi laini kupita kiasi huiacha slaidi igonge fremu kwa nguvu. Ngumu kupita kiasi huizuia isirudi nyuma vya kutosha, na ganda tupu hukwama. Bastola iliyokuwa haina tatizo hupata tatizo lililonunuliwa. Kumpa fundi wa mashine ya kukerezea vyuma pale Majengo akuchongee ufito ni hatari zaidi, kwani vipimo vikipishana kidogo slaidi hukwama, na chuma cha kawaida hushika kutu kwa jasho la kiunoni na unyevu wa mvua za Desemba hadi Aprili. Halafu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayoweka umiliki na biashara ya silaha chini ya leseni. Kabla ya kuagiza kipuri chochote nje, ulizia polisi waliokusajilia silaha, na kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye kibali.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ni huu. Kwanza mafuta, brashi na usafi baada ya msimu wa mvua. Pili risasi za mazoezi kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, maana mkono uliokaa mwaka mzima bila kupiga una kasoro kubwa kuliko ufito wowote. Tatu springi ya kiwandani, ikiwa historia ya bastola haijulikani au jaribio limeonyesha imechoka. Ufito wa chuma ni wa anayeshindana, au wa ambaye wake umepasuka na wa kiwandani haupatikani. Wa tangsteni mwachie mshindani peke yake.